Mlango Uliokwenda Kabimba

Bwana apewe sifa, ninyi wa kando ya ziwa na ninyi wa mlimani! Apewe sifa tena na wale waliosimama nje kwa sababu viti vimekwisha!

Ndugu zangu, kwa wale wasionijua, mimi ni Feza, komisioneri. Kazi yangu ni kuwatafutia watu nyumba za kupanga. Wengi mmenikuta pale njia panda karibu na soko, nimesimama na kibao changu cha chaki pamoja na wenzangu, tukigombania kila mtu anayeshuka na godoro kichwani. Naongea sana, hilo najua. Mchungaji amenipa muda mfupi na naona ameanza kutazama saa. Papa mchungaji, nivumilie, leo siwezi kusema kwa kifupi.

Nataka kuwashuhudia namna Mungu alivyomtoa mama yangu mzazi nje, akamwingiza ndani.

Mnajua ziwa lilivyotufanyia. Sisi tulikaa chini kabisa, pale ambapo zamani kulikuwa na avenyu na sasa kuna maji. Nyumba yetu baba aliijenga mwenyewe. Alikuwa seremala katika karakana ya reli, na kati ya kazi zote alizofanya, aliyoipenda zaidi ilikuwa mlango wa mbele. Mbao nzito, rangi ya bluu, na katikati alichora samaki kwa chuma cha moto. Mama aliingia kwa mlango ule akiwa bibi arusi. Sisi watoto tulipimwa urefu kwa mlango ule. Baba alipofariki, alitokea kwa mlango ule.

Maji yalikuja polepole, ndugu zangu. Hayakuja kwa kelele. Asubuhi unakuta kizingiti kimelowa, unapangusa. Kesho yake unakuta kiatu kimoja kinaelea chini ya meza. Siku moja mama alikuwa anapika, akaona ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, wanapita kati ya miguu yake, akasimama akiwatazama kama mtu anayeota. Ndipo tukajua tumefukuzwa.

Watu wa Kalemie tukihama kwa sababu ya maji tunang'oa milango. Mabati na milango, hivyo havibaki, kila mtu anajua. Tuling'oa mlango wa baba, tukauegemeza ukutani, tukapandisha kwanza magodoro na sufuria. Tuliporudi tulikuta maji yamekwisha kuubeba. Ulikuwa mbali, umelala chali juu ya ziwa, bluu juu ya bluu, unakwenda zake kaskazini bila haraka. Mama aliutazama mpaka ukapotea. Hakulia. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi, akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake, akasema, “Basi. Nyumba imeondoka. Miye nitaingoja.”

Tulifikiri ni uchungu tu, utapita. Haukupita! Mjomba alitupa chumba kizuri kwake, mama akakataa kuingia. Alikaa barazani na mafurushi yake matatu, yamefungwa vilevile tulivyoyatoa kwenye maji. Alilala pale, alikula pale, kama mtu anayengoja boti. Ukimwambia, “Mama, ingia ndani, kuna baridi,” anakutazama kwa upole, anasema, “Mulango wangu uko wapi? Nitaingilia wapi?”

Jamani! Mimi, mtu ambaye kazi yake ni kuwaingiza watu ndani ya nyumba, mama yangu analala nje!

Kiangazi kilipita hivyo. Akaanza kukohoa. Muuguzi wa kituo cha afya alimsikiliza kifua, akaniita pembeni, akaniambia bila kuzungusha maneno kwamba mama yule hatavuka masika mengine nje. Mapafu hayataweza. Na mawingu yalikuwa yameanza kujipanga upande wa ng'ambo, mnayajua yale ya mwanzo wa mvua. Walikuja watu wa sala, siwataji, wakasema mama ameshikwa na kitu cha majini, tumfunge kamba tumwingize kwa nguvu, tukemee. Niliwafukuza. Ndiyo, niliwafukuza kwa mdomo huu huu! Mama yangu hakuwa na pepo. Mama yangu alikuwa na huzuni.

Lakini walipoondoka nilibaki nimekaa chini, nimekwisha. Nikasema, “Bwana, mimi sina kamba wala sina mlango. Fanya wewe.”

Sasa sikieni alivyofanya, maana alianzia mahali ambapo hata mimi sikupatazama.

Dada mmoja wa kanisa hili, anayefundisha mambo ya kompyuta, alinihurumia kwa vile wateja walikuwa wamepungua. Akanifungulia blogu. Ni ukurasa wangu kwenye interneti, ninaandika habari za nyumba, na mtu aliye na simu anasoma popote alipo, awe Moba, awe Kabalo. Chini ya kila habari aliweka maneno ambayo yanatokea yenyewe: “Kwa kutembelea nyumba hii, piga simu kwa Mama Feza.” Nikafurahi. Nikaanza kuandika kama makomisioneri wote tunavyoandika kwenye vibao. Vyumba vitatu, salo ya kupokelea wageni, jiko la nje, choo, kuranti ya umeme ipo. Nyumba inayofuata: vyumba viwili, salo, jiko la nje. Hakuna aliyepiga simu! Papa Alphonse, mwenzangu wa pale njia panda, alikuwa ananicheka. “Dada Feza, leo interneti imekuletea nani?” Namwambia, “Nyamaza, Papa Alphonse, chaki yako imekwisha.” Lakini moyoni niliumia.

Kulikuwa na nyumba moja hasa ambayo ilinishinda. Iko mlimani, imeinuka, ukisimama mbele yake unaona ziwa lote na mitumbwi midogo kama nukta. Mwenye nyumba, Mama Béatrice, alijenga mpaka akafika mlangoni, nguvu zikaisha. Nyumba nzuri, haina mlango wa mbele! Wenzangu waliiita nyumba ya mdomo wazi. Kila mteja niliyempeleka alitazama lile pengo, akatikisa kichwa, akashuka.

Siku moja jioni nilikuwa nimekaa na mama barazani, natafuta la kuandika, sina. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya maziwa, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Mama akaanza kuongea peke yake. “Saa hii,” akasema, “jua linaingia kwa dirisha la jikoni, linakwenda mpaka kwenye kabati.” Nikamtazama. Alikuwa anaongea juu ya nyumba yetu iliyo chini ya maji. Akaendelea. Chumba cha watoto kinasikia mawimbi kuliko vyumba vingine. Ukutani kwenye salo pana baridi, ukiegemea mgongo baada ya soko, uchovu unatoka. Jirani wa kushoto anaamka mapema na anaimba vibaya, lakini usimwambie.

Ndugu zangu, sikujua nafanya nini. Vidole vyangu viliandika tu. Niliandika kama mama alivyosema, kwa Kiswahili chetu hiki, siyo kile Kifaransa changu cha kibao. Niliandika kwamba sasa wenye nyumba ni samaki, mikebuka, wanaingia kwa dirisha la jikoni na kutokea salo, na pengine jioni wanaona jua kwenye kabati kama tulivyoliona sisi. Niliandika kwamba palikuwa na mlango wa bluu wenye samaki, na kwamba ulisafiri kwenda kaskazini. Nikabonyeza, ikaenda. Wala sikukumbuka yale maneno yanayotokea yenyewe chini: kwa kutembelea nyumba hii, piga simu kwa Mama Feza!

Kesho yake simu ikaanza kulia. “Mama, ile nyumba ya jua jikoni bado iko?” “Mama, tunaweza kuja kutembelea leo?” Namwambia mtu, “Papa, iko ndani ya maji.” Ananijibu, “Hakuna shida, hata kama maji yanaingia kidogo!” Watu walikuja mpaka njia panda wanamtafuta mama mwenye nyumba ya samaki. Papa Alphonse alicheka akashika mti. “Dada Feza! Wateja wako wanataka kuogelea!”

Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Maana niliona kitu. Watu wa Kalemie hawakuwa wanatafuta vyumba vitatu na salo. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo jua linafika kwenye kabati, na jirani anaimba. Tangu siku ile nikaanza kuandika nyumba zote hivyo. Naingia ndani, nakaa sakafuni, nasikiliza. Naandika upepo unatoka wapi, mwembe wa nani unadondosha maembe uani, watoto wa jirani wana adabu au hawana. Wakaja! Wateja wa hapahapa, watu wa ofisi, wavuvi, walimu, nikawapatia nyumba. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mama alikuwa bado yuko nje, na mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kupiga, ile nyepesi ya kuonya. Tulimfunikia turubai. Alikohoa chini yake mpaka kulipokucha.

Asubuhi hiyohiyo walikuja bwana na bibi kutoka Kabimba, kule kaskazini kando ya ziwa. Papa Musafiri anafanya kazi kwenye kiwanda cha simenti kule, na mke wake anaitwa Mama Zawadi, mwanamke mwembamba, mpole, haongei ovyo. Walitaka kupanga nyumba hapa mjini kwa sababu ya masomo ya watoto. Nikasema, “Karibuni, nina nyumba nyingi.” Papa Musafiri akasema, “Kwanza tupeleke kwa ile yenye uliandika. Ile ya maji.”

Nikachoka kabisa. Nikaanza kueleza tena kwamba haipangishwi. Mama Zawadi akanishika mkono, akasema, “Tunajua, mama. Tunataka kuiona tu.”

Tukashuka. Mmekwenda pale siku hizi? Kimya cha pale si kama kimya cha mahali pengine. Kuta zimeanguka, imebaki ncha moja ya ukuta wa salo inatoka kwenye maji, na ndege mweupe amesimama juu yake. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha ukungu juu ya ziwa. Tulisimama watatu, maji yanatulamba miguu, na nakwambieni, kwa muda nilisikia sufuria za mama zinagongana mle chini, na baba anakohoa anapovua viatu. Sikuogopa. Nilitamani tu niingie.

Ndipo Mama Zawadi akauliza, taratibu, bila kunitazama, “Mama Feza. Samaki wa tatu, mbona hana mukia?”

Ee Mungu wangu!

Ndugu zangu, mimi niliandika “mlango wenye samaki.” Basi. Sikuandika ni wangapi. Sikuandika habari ya mkia, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayeisema. Baba alichora samaki mmoja kaka yangu alipozaliwa, akachora wa pili nilipozaliwa mimi. Mama alipopata mimba ya tatu, baba alifurahi mno, akaanza kuchora kabla mtoto hajafika. Alipofika katikati ya samaki, mtoto akazaliwa hapumui. Baba akaweka chuma chini. Hakummaliza samaki yule, akabaki kichwa na kifua tu, mpaka kufa kwake. Nani aliyemwambia mwanamke wa Kabimba?

Nilikaa palepale ndani ya maji, na kitenge changu kipya! Papa Musafiri akaniinua. Akasema shemeji yake, mvuvi, alikuta mlango umekwama kwenye matete kule kwao, akauleta nyumbani. Hawakuwa na mahali pa kuufunga, kwa hiyo waliulaza juu ya matofali, ukawa meza. Watoto wao wanakulia juu yake. Wanaandikia masomo juu yake. Yule mdogo kila siku anaweka kidole pale kwenye samaki wa tatu, anamuuliza mama yake mkia umekwenda wapi. Waliposoma habari yangu kwenye simu waliacha kula, wakatazamana.

“Tulikuja kuuliza,” Mama Zawadi akasema. “Kama njo mulango wenu, utarudi.”

Nikamweleza habari ya mtoto. Alifunika mdomo kwa mkono.

Siku chache baadaye boti ya Kabimba ilifika na mlango wa baba umelala juu ya mifuko ya simenti, umefunikwa vizuri. Rangi ilikuwa imepauka, na juu yake kuna duara za vikombe vya chai na hesabu za watoto wa watu. Samaki watatu walikuwepo. Sikuupeleka kwa mjomba. Niliupeleka moja kwa moja mlimani, kwenye nyumba ya mdomo wazi! Mama Béatrice alipousikia mkasa huu alisema, “Leta mulango, leta na mama yako. Nyumba imengoja vya kutosha.” Papa Alphonse, yuleyule mcheka watu, ndiye aliyeubeba mgongoni kupanda kile kilima, anahema, anasema hajawahi kuona mteja mzito kama huyu. Fundi aliranda ubavu mmoja kidogo, ukakaa.

Mawingu yalikuwa meusi tulipokwenda kumchukua mama. Sikumwambia kitu. Nilisema tu, “Mama, twende utembee.” Alibeba furushi moja, sisi tukabeba mawili. Tulipanda polepole, anakohoa, tunapumzika, tunapanda. Tulipofika juu akainua macho.

Alisogea, akaweka kiganja juu ya bluu ile. Akagusa samaki wa kaka yangu, akagusa wangu. Akafika kwa wa tatu, akakaa naye muda mrefu, na mvua ikaanza kudondoka mabegani mwake, hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akafungua ncha ya kitenge, akatoa ufunguo. Kitasa kilikuwa kimeshika kutu, kikakataa! Papa Musafiri alikuwepo, akakitia mafuta ya mashine, akajaribu, tukangoja, mimi naomba kwa lugha zote ninazozijua. Mama akamsogeza pembeni. “Huyu ananijua,” akasema. Akaubonyeza kidogo juu, kama alivyozoea, akazungusha. Tukasikia: kla!

Akaingia. Mama yangu akaingia ndani ya nyumba! Haleluya! Akapita salo, akatazama dirisha la jikoni, akarudi, akakaa chini katikati, akaanza kufungua fundo la furushi la kwanza. Lilikuwa limekaza kwa maji ya zamani, akalifungua kwa meno. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini kama mjinga, nimelowa, nalia, mvua yote imefika. Akainua kichwa, akaniambia kwa sauti yake ya zamani, ile ya kutugombeza:

“Feza! Funga mulango, mvua inaingia!”

Ndugu zangu, nimefunga milango mingi maishani mwangu. Ule nilioufunga siku ile niliufunga kwa mikono miwili, nikaweka paji la uso juu ya mbao, nikasema aksanti mpaka neno likaisha.

Familia ya Papa Musafiri niliwapatia nyumba hatua chache chini ya ile yetu, na yule fundi aliyeranda mlango aliwatengenezea meza. Mtoto wao mdogo bado anapanda kuja kumsalimia samaki wake. Mama amemwambia kwamba mkia uko kwa Mungu, na mtoto ameridhika, haulizi tena. Kifua cha mama kimepona. Muuguzi alipomsikiliza alimsikiliza mara ya pili, hakuamini.

Namshukuru Mungu aliyekuwa na mlango wetu mkononi wakati sisi tulifikiri maji ndiyo yaliyo nao. Nawashukuru watu wa Kabimba waliokubali kula chini ili mama yangu alale ndani. Na wewe uliyekaa humu leo na mafurushi yako hayajafunguliwa, unayesema sitaingia popote, nimekwisha kupoteza: sikulaumu. Kaa. Ngoja. Lakini sema unachokingoja, kiseme kwa sauti, kiseme na jua lake na jirani yake anayeimba vibaya, maana hujui nani anakula juu yake upande wa pili wa ziwa. Mtumaini Bwana, yeye anaijua njia ya maji.

Mama yangu yuko pale, mstari wa nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Mama, simama wakuone! Hataki. Mnaona anavyonifanyia kwa mkono? Ameacha maharage motoni. Anainua ufunguo. Anasema nimalize haraka, twende nyumbani.